Jasho Linapokosa Pa Kwenda

Saa 5:59 usiku wa Septemba 27, 2019, wanawake 68 walianza kukimbia marathoni ya mashindano ya dunia kando ya bahari mjini Doha. Waandaaji walikuwa wameipeleka mbio usiku wa manane ili kulikwepa jua la Qatar. Jua walilikwepa, lakini joto lilibaki palepale: nyuzi 32 na ushei, na unyevunyevu wa hewa ukiwa juu ya asilimia 70. Wakimbiaji 28 hawakufika mwisho. Wapo waliotolewa kwa machela, na wapo waliosukumwa kwenye viti vya magurudumu. Aliyeshinda, Mkenya Ruth Chepng'etich, alitumia saa 2:32:43. Januari ya mwaka huohuo, asubuhi Ghuba ikiwa na ubaridi wake, alikuwa amekimbia umbali uleule Dubai kwa saa 2:17:08. Mwili ni uleule na mwaka ni uleule, na tofauti ni zaidi ya robo saa.

Hakuna hata mmoja kati ya wale 68 aliyevaa vibaya. Walikuwa na singlendi nyepesi kuliko leso, zimeshonwa na kampuni ambazo kazi yao ya kila siku ni kupima nyuzi kwenye maabara. Matangazo yanayouza mavazi hayo hutuambia kwamba kitambaa "kinapoza". Usiku ule vitambaa bora vilikuwepo, na watu walianguka. Ili tujue kitambaa kinaweza nini na hakiwezi nini, lazima tuanze na jasho lenyewe.

Misuli ikifanya kazi hupoteza nishati nyingi. Katika kila sehemu 5 za nishati inayochomwa, kama sehemu moja tu ndiyo inayosukuma mwili mbele. Nyingine 4 hugeuka joto. Mkimbiaji wa kilo 60 anayekwenda kilomita 15 kwa saa huzalisha joto la kutosha kugeuza lita moja na robo ya maji kuwa mvuke kila saa. Njia kuu ya kulitoa joto hilo ni jasho, na hapa ndipo wengi wanapokosea: jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Kila gramu inayogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Tone linalodondoka kutoka kidevuni na kuanguka chini halijaondoa chochote cha maana. Ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Na jasho haliwezi kukauka kama hewa imeshiba maji. Chukua jioni ya Dar es Salaam mwezi wa Machi, nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75, uilinganishe na mchana wa Iten, juu ya mita 2,300, nyuzi 20 na unyevunyevu wa asilimia 50. Kwa hesabu za mvuke, nguvu inayolivuta jasho kutoka kwenye ngozi na kulipeleka hewani Iten ni karibu mara mbili ya ile ya Dar. Mtu anayefanya mazoezi Tanga, Mombasa au Unguja anajua jambo hili kwa mwili wake hata kama hajawahi kuambiwa. Analowa chapachapa, anatweta, na bado anaungua ndani. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri mwingi wa mavazi ya michezo tunaosoma umeandikwa na watu wanaokimbia kwenye hewa kavu na baridi. Pwani yetu ina masharti yake.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Fulana ya pamba hupenda maji. Nyuzi zake, ambazo ni selulosi tupu, huyanyonya hadi ndani, huvimba, na matundu yaliyokuwa yakipitisha hewa huziba. Fulana iliyokuwa na gramu 160 asubuhi inaweza kufika gramu 400 ikilowa kabisa. Inavutika, inaganda mgongoni, inazunguka kwenye kwapa na kukwangua. Poliesta ni kinyume chake. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson, na uzi wake kwa asili hauna haja na maji: katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake, poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Maji hayaingii ndani ya uzi. Yanapita katikati ya nyuzi, kwenye nafasi nyembamba mno, yakipanda jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kandili, hadi upande wa nje wa kitambaa ambako yanatandaa na kukauka. Watengenezaji walipolielewa hili walianza kuuchonga uzi wenyewe. Mwaka 1986 kampuni ya DuPont ilileta Coolmax, ambayo uzi wake ukiutazama kwa hadubini hauko mviringo. Una mifereji inayokwenda nao urefu wote. Miaka 10 baadaye Kevin Plank, kijana aliyekuwa akicheza futiboli ya Kimarekani Chuo Kikuu cha Maryland na kuchoshwa na fulana za pamba zilizolowa chini ya jezi yake, alianzisha Under Armour kwa wazo hilohilo.

Ukisoma hadi hapa utadhani kesi imekwisha: pamba kapuni, poliesta mwilini. Maabara haisemi hivyo. Mwaka 2001 jarida la Medicine & Science in Sports & Exercise lilichapisha utafiti wa Gavin na wenzake, waliowafanyisha watu mazoezi kwenye joto la nyuzi 30 wakiwa na nguo za pamba, kisha za nyuzi za viwandani, kisha wakiwa karibu uchi. Joto la mwili halikutofautiana kwa namna ya maana. Tafiti nyingine za aina hiyo zimerudi na jibu linalofanana, na sababu yake ukiitafakari haina ajabu. Jasho linalokaukia kwenye ngozi huchukua joto la ngozi. Jasho lililovutwa hadi nje ya kitambaa linapokauka, sehemu ya joto linalolichukua hutoka kwenye hewa na kwenye kitambaa chenyewe, si mwilini. Kwa hiyo kile kitambaa kinachosifiwa kwa kulihamisha jasho haraka kimeihamisha pia sehemu ya faida yake. Ngozi iliyo wazi, yenye upepo, bado haijashindwa na kitambaa.

Je, basi mkimbiaji avae chochote? Hapana, na hapa naomba tusifanye haraka, kwa sababu "joto la mwili halikutofautiana" na "hakuna tofauti" ni mambo mawili mbalimbali. Gramu 240 za maji ndani ya fulana ni kama asilimia 0.4 ya uzito wa mtu wa kilo 60, na anazibeba kila hatua. Septemba 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, baada ya wote wawili kuandikiwa saa 2:09:48. Kwenye mbio za namna hiyo hakuna mtu atakayekubali kubeba robo kilo ya jasho lake mwenyewe.

Halafu kuna ngozi. Kitambaa kilicholowa kinasugua kuliko kikavu, na chumvi ya jasho ikianza kukauka huwa kama msasa. Nenda kwenye mstari wa kumalizia wa nusu marathoni yoyote ya mjini, simama pembeni, utazame vifua vya wanaume waliovaa fulana za pamba za bure walizopewa na wadhamini. Utaona mistari miwili ya damu ikishuka kutoka kwenye chuchu. Wazoefu hupaka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, kifuani, kwapani na katikati ya mapaja, au hubandika plasta. Huyo anayevuja damu hapungukiwi pumzi wala mapafu. Anapungukiwa utulivu, anabadili mkono unavyopita ubavuni ili aepuke maumivu, na mwendo wote unaharibika. Hisia ya kuwa na nguo mwilini ni sehemu ya uchovu. Mtu anayehisi ananata na kubanwa huchoka mapema moyoni, hata kama kipimajoto hakioni.

Kwa kuwa utambi peke yake hauokoi, jambo ambalo kwa maoni yangu linapewa uzito mdogo kuliko linavyostahili ni mkato wa nguo: upana wake, kiasi cha ngozi inachofunika, mahali matundu yalipo. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Shkolnik na wenzake waliojiuliza kwa nini Wabedui huvaa majoho meusi jangwani. Joho jeusi kweli lilinyonya joto zaidi la jua kuliko jeupe. Lakini ngozi ya aliyelivaa haikupata joto la ziada, kwa sababu joho ni pana. Hewa iliyopashwa ndani yake ilipanda na kutokea juu, nyingine ikaingia kutoka chini. Kwa anayekimbia au kuruka kuna zaidi ya hapo, maana kila hatua inaipiga nguo pana kama mvuo na kuingiza hewa mpya. Jezi ya mpira inayopwaya kidogo, yenye matundu ubavuni na mgongoni, inamfaa mchezaji wa Ligi Kuu saa 10 jioni kuliko ile ya kubana iliyoshonwa kwa kitambaa cha gharama. Kameruni walikwenda mbali zaidi: Kombe la Mataifa ya Afrika la 2002 nchini Mali walilicheza na kulitwaa wakiwa na jezi zisizo na mikono kabisa. FIFA ikazikataa kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo, na timu hiyo ikaenda Korea na Japani na mikono myeusi iliyoongezwa kwenye jezi zilezile.

Ndiyo maana nashangazwa na trakisuti nzito za poliesta ambazo shule nyingi za pwani huwavalisha watoto siku ya michezo. Kitambaa chake kimebanwa, kina bitana, hakipitishi hewa, na mara nyingi ni cha rangi iliyokoza. Mtoto anakimbia mita 800 saa 5 asubuhi akiwa amefungwa ndani yake. Bukta na fulana pana vingegharimu kidogo, na vingemfaa zaidi.

Hayo yote ni ya nchi za joto. Panda Kilimanjaro na sheria zinageuka. Mgeni anaanzia lango la Machame, mita 1,800 hivi, msituni, kwenye unyevu, anatoka jasho akiwa na fulana ya pamba na anajisikia vizuri. Siku chache baadaye, usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa iko chini ya sifuri. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Fulana ya ndani iliyolowa wakati wa kupanda huendelea kulifyonza joto la mwili kila anaposimama kupumzika, na fulana ya pamba haikauki. Waongozaji wa Moshi hukagua begi la mgeni kabla ya safari na kuziweka pamba pembeni. Wanachotaka kikae kwenye ngozi ni poliesta nyembamba au sufu. Sufu ni nyuzi ya ajabu: inaweza kunyonya hadi kama theluthi ya uzito wake katika unyevu kabla mtu hajahisi amelowa, na hutoa joto kidogo inapounyonya. Wapagazi, wanaobeba mizigo ya watu wote, ndio waliokuwa wakipanda kwa miaka mingi na mavazi duni kuliko yote. Moshi kuna mradi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Hakuna mahali ninapopajua ambapo tofauti ya kitambaa iko karibu na uhai wa mtu kama pale.

Upo mchezo mmoja ambao kitambaa kilifanya makubwa mno hadi kikafukuzwa. Mwaka 2008 Speedo ilitoa vazi la kuogelea la LZR Racer, lenye paneli za poliyurethani, lililopimwa kwa msaada wa NASA. Mwaka uliofuata washindani wake wakaleta mavazi ya poliyurethani tupu. Yaliubana mwili ukawa laini mbele ya maji, yakanasa hewa na kumwelesha muogeleaji juu kidogo. Kwenye mashindano ya dunia ya Roma, 2009, rekodi 43 za dunia zilivunjwa. Mjerumani Paul Biedermann alimshinda Michael Phelps katika mita 200 za mtindo huru kwa dakika 1:42.00, rekodi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 15. Kuanzia Januari 1, 2010 shirikisho la kuogelea lilipiga marufuku: vazi liwe la kitambaa cha kufumwa, wanaume kutoka kiunoni hadi magotini, wanawake kutoka mabegani hadi magotini. Maji ni mazito, na kinachopunguza msuguano wake kinalipa papo hapo. Hewa haina deni hilo kwa mkimbiaji, isipokuwa labda kwenye mbio za baiskeli na za mita 100.

Nimezungumza kana kwamba wanamichezo wote wana mwili mmoja. Kwa muda mrefu watengenezaji nao walifikiri hivyo. Sindiria ya michezo haikuwepo hadi mwaka 1977, pale Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, huko Vermont, Marekani, walipochukua vikanda viwili vya wanaume vya kukingia nyeti michezoni na kuvishona pamoja. Titi halina msuli wa kulishikilia. Linategemea ngozi na kano nyembamba, na likitikisika kila hatua huuma. Kinachohitajika ni kitambaa chenye spandeksi, kile kinachovutika na kurudi, ambacho DuPont walikitengeneza mwaka 1958, pamoja na mkanda mpana chini ya kifua unaobeba kazi kubwa kuliko mikanda ya mabegani. Msichana wa kidato cha pili anayeacha netiboli kwa kisingizio cha tumbo huenda anachokosa ni nguo hii moja. Walimu wa michezo wa kike wanalijua jambo hili vizuri, na linastahili kutamkwa kwenye vikao vya wazazi bila haya.

Hijabu ni mfano mwingine. FIFA iliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa mwaka 2014, na mpira wa kikapu wa dunia ukafuata mwaka 2017. Kabla ya hapo mchezaji wa Unguja au wa Garissa aliyetaka kufika mbali alilazimika kuchagua. Ruhusa ilipokuja, lilibaki swali la kitambaa. Ushungi wa kawaida ukikunjwa mara mbili shingoni huzuia upepo mahali ambapo damu inapita karibu na ngozi, hulowa, na pini hulegea mtu akipiga kichwa. Hijabu ya mchezo hushonwa tabaka moja la kitambaa chembamba kinachovutika, chenye matundu madogo, bila pini, na imekatwa isizibe masikio sana, maana beki anahitaji kumsikia kipa wake.

Kuna desturi ambayo siwezi kuipita kimya. Asubuhi ya Jumamosi, ukipita Coco Beach au barabara yoyote yenye klabu za jogging, utawaona watu wamevaa makoti ya mvua, au mifuko ya plastiki chini ya fulana, wakikimbia "kukata kitambi". Plastiki haipitishi mvuke. Ndani yake hewa hushiba kwa dakika chache, jasho halikauki tena, na mwili ambao bado unazalisha joto hauna pa kulipeleka. Kilo moja inayopungua kwenye mizani baada ya mbio hizo ni lita moja ya maji, nayo inarudi na glasi za kwanza za kunywa. Mafuta ya tumboni hayajaguswa na plastiki. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijaribu kupunguza uzito kwa jasho la kulazimisha, na mwaka uliofuata mamlaka ya michezo ya vyuo vya huko ikapiga marufuku suti za mpira. Walikuwa vijana wenye afya. Anayekimbia Msasani mwezi wa Februari akiwa na koti la mvua, naye ana miaka 50 na shinikizo la damu, anajiweka mahali pabaya kuliko wao.

Wengi wetu hatununui nguo za michezo dukani. Tunachambua mitumba kwenye masoko ya Karume, Gikomba au Kongowea, na kusema kweli mtumba mzuri unaweza kuishinda jezi mpya ya bandia. Iinue fulana mbele ya mwanga: ukiona kivuli cha vidole vyako kupitia kitambaa, hewa nayo itapita. Iweke mdomoni upulize. Pumzi ikirudi usoni, mrudishie muuzaji. Geuza ndani upapase mishono ya kwapa na bega, maana mshono uliolala bapa hauchubui, na ule wenye ukingo uliosimama utakukata kilomita ya 10. Kisha tia tone la maji upande wa ndani. Likitandaa na kupotea, uzi bado unavuta. Likisimama kama shanga, dawa ya kuvuta maji iliyotiwa kiwandani imekwisha, imezibwa, au haikuwahi kuwepo.

Poliesta ina tatizo la harufu, na harufu hiyo si ya kuwaziwa tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 baada ya zoezi la baiskeli na kuzinusisha kwa jopo. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi kwenye nyuzi zile za viwandani. Mafuta ya ngozi hushika kwenye poliesta, na bakteria huyala. Ifue siku hiyohiyo, iliyogeuzwa ndani nje, kwa sabuni ya kawaida. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha utando juu ya uzi na kuziba njia za maji. Fulana nyingi zinazolaumiwa kwa "kufa" zimezibwa tu. Iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, ianike kivulini, kisha rudia jaribio la tone. Isipovuta baada ya kufuliwa hivyo mara mbili, ibaki ya kuvaa mtaani.